Kuweka si kuhifadhi: Data za kale za Bonde la Ufa zahitaji maneno, si mashine pekee

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa sana kuwaonya wafanyabiashara, lakini leo ningependa tuitazame upande wa pili. Je, daftari likiwepo ila hakuna anayeweza kulisoma? Au likisomeka vizuri, lakini msomaji asijue nambari zilizomo zilipima nini, wapi na lini? Hapo habari imepotea ijapokuwa daftari lipo.

Ninazungumzia data za kale za kisayansi: vipimo vya mvua, vina vya maziwa, rekodi za matetemeko ya ardhi, orodha za mimea na ndege, kanda za sauti za lugha zetu. Nyingine ziko kwenye karatasi zinazoliwa na mchwa, nyingine zimo katika kaseti na disketi ambazo mashine za kuzisomea hazipatikani tena madukani. Kote duniani wanasayansi wanajitahidi kuziokoa kwa kuzinakili katika kompyuta.

Msomaji ataniuliza: hayo yanahusiana vipi na ukumbi wa lugha? Jibu langu ni kwamba kazi ya kuokoa data, ukiichunguza kwa makini, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya lugha. Mashine hunakili nambari. Maneno ndiyo hutuambia nambari hizo zinasema nini.

Maana mbili za kuhifadhi

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi 'kuhifadhi' tumekipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili kina maana mbili zinazokaa pamoja. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisiharibike, na ndiyo maana tuna hifadhi za wanyama. Kuhifadhi pia ni kutia jambo moyoni neno kwa neno, kama tunavyosema fulani amehifadhi Kurani.

Hebu tumtazame huyo aliyehifadhi Kurani. Hakuiweka kabatini akafunga kwa kufuli. Anaidurusu mara kwa mara ili isimponyoke. Wapo wenzake wengi waliohifadhi maneno yaleyale, kwa hiyo mmoja akiteleza mwingine humsahihisha. Na ukimuuliza aliipata wapi, anaweza kukutajia mwalimu wake, na pengine mwalimu wa mwalimu wake.

Kwa hiyo hifadhi ya kweli ina nguzo tatu: marudio, nakala nyingi, na maelezo ya asili. Kikikosekana kimojawapo, tunachofanya ni kuweka tu. Mashirika yetu mengi yanajivunia kwamba 'yamehifadhi' kumbukumbu zao katika kompyuta, kumbe yameziweka. Nguzo mbili za kwanza wataalamu wa kompyuta wanazijua vyema. Ninayotaka kuitetea leo ni ya tatu, ambayo ndiyo hupuuzwa zaidi.

Rongai ipi?

Naandika haya nikiwa Rongai, na jina hili peke yake linatosha kuwa somo. Tuseme umekuta kadi ya zamani iliyoandikwa hivi: 'Rongai, Aprili 14, 2.15.' Ni kadi ya mvua, hilo unalijua kwa sababu ilikuwa ndani ya sanduku la kadi za mvua. Lakini ni Rongai ipi? Iko Rongai hii yetu ya Kaunti ya Nakuru, kwenye njia ya reli iendayo Eldoret. Iko Ongata Rongai ya Kajiado, pembeni mwa Nairobi. Tena iko Rongai ya Tanzania, upande wa kaskazini wa Mlima Kilimanjaro, inayojulikana na wakwea milima. Jina ni la Kimaa na huelezwa kuwa na maana ya wembamba. Kwa hivyo si ajabu kulikuta popote Wamaasai walipopita wakaona mahali pembamba. Anayenakili kadi ile akiwa mbali anaweza kuipa Nakuru mvua ya Kajiado bila hata kujua.

Na hiyo 2.15 ni nini? Enzi za ukoloni mvua ilipimwa kwa inchi. Baadaye nchi ilihamia mfumo wa mita, tukaanza kupima kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo kama 2.15 ni inchi, hiyo ni karibu milimita 54.6, mvua ya kumtoa mkulima nyumbani akiwa na jembe. Kama ni milimita, hata vumbi haikuzima. Nambari ni ileile. Neno moja lililokosekana ndilo linalotenganisha mafuriko na ukame.

Kuna mtego mwingine mdogo lakini wenye madhara. Siku ambayo mpimaji hakuandika chochote, je, hakukunyesha au mpimaji hakuwepo? Sufuri na pengo si kitu kimoja. Anayejaza mapengo yote kwa sufuri huzalisha ukame ambao haukuwahi kutokea. Aidha, kipimamvua kwa kawaida husomwa asubuhi. Maji yaliyomo ni ya jana mchana na usiku wa kuamkia leo. Je, mpimaji aliyaandika kwenye tarehe ya jana au ya leo? Kila mahali pana desturi yake, na desturi hiyo isipoandikwa hufa pamoja na mpimaji.

Rekodi hizi zilitoka kwenye mashamba ya walowezi, vituo vya reli, misheni na ofisi za wakuu wa wilaya. Mwaka 1929 Waingereza walianzisha idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na idara yake. Kila mara kazi inapohama kutoka mkono hadi mkono, nambari huhama na maelezo hubaki nyuma.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kale. La hasha! Kwa kawaida wataalamu wa tabianchi hutumia kipindi cha miaka 30 kusema mvua ya mahali fulani ni ya kawaida au si ya kawaida. Mkulima wa mahindi wa hapa Rongai akiuliza kama mvua ya masika kweli imebadilika, hawezi kujibiwa kwa data za miaka mitano ya simu ya mkononi. Ziwa Nakuru lilipofurika katika mwongo uliopita hadi maji yakafikia lango kuu la mbuga, swali la kwanza kwenye midomo ya watu lilikuwa: limewahi kufika hapa? Swali hilo hujibiwa na madaftari.

Tetemeko la saa ngapi?

Mfano wa pili uko hapa karibu. Tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia na Solai lilitikiswa na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kunaswa na mitambo nchini Kenya. Mwaka 1991 mtaalamu Nicholas Ambraseys wa Imperial College, London, alichapisha uchunguzi wake wa kina kuhusu tukio hilo. Alikadiria ukubwa wake kuwa 6.9, na akaeleza kuwa ardhi ilipasuka kwa umbali wa takriban kilomita 38 kwenye ukingo wa Laikipia-Marmanet. Alifika huko kwa kulinganisha rekodi za mitambo ya nchi za mbali na maelezo yaliyoandikwa na watu. Yaani nambari na maneno vilisomwa pamoja, na rekodi hizo zilikuwa na zaidi ya miaka 60.

Sasa tazama mitego ya lugha iliyomo. Kwanza, tahajia. Katika maandishi ya wanasayansi mahali hapa pameandikwa 'Subukia' na pia 'Sabukia'. Ukiitafuta kwenye kompyuta kwa tahajia moja, utakosa nusu ya yaliyoandikwa. Binadamu angekisia, mashine haikisii mpaka ifundishwe.

Pili, saa. Mitambo ilionyesha kuwa tetemeko lilianza yapata saa 19:32 kwa saa ya Greenwich. Mwanafunzi wa leo ataongeza saa tatu na kupata saa nne na nusu usiku. Atakuwa amekosea kwa nusu saa nzima. Mnamo Januari 1928 saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu. Saa tatu zilianza Julai mwaka huohuo, zikaachwa mwanzoni mwa 1930 na saa mbili na nusu zikarejeshwa. Mwaka 1937 zikawa saa mbili na dakika 45. Ndipo mwaka 1942 tukarejea kwenye saa tatu tulizo nazo hadi leo. Kwa mtu aliyekuwa Solai usiku ule, saa ya ukutani ilisoma saa nne na dakika mbili hivi. Mtafiti asiyejua jambo hili akikuta barua inayosema nyumba ilitikisika saa nne usiku, atadhani kulikuwa na tetemeko jingine nusu saa kabla ya lile kubwa. Atabuni tetemeko!

Mabadiliko hayo ya saa hayaonekani kwenye nambari. Yamo katika matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake ya kale sasa yanasomeka katika intaneti. Hata orodha ya saa za dunia inayotumiwa na simu zetu imesahihishwa kuhusu Kenya miaka ya karibuni kwa kurejelea matangazo ya aina hiyo.

Tatu, siku. Tarehe 6 Januari 1928 ilikuwa Ijumaa. Mlowezi angeandika 'Ijumaa usiku'. Mswahili wa kale, ambaye siku yake huanza jua linapotua, angesema 'usiku wa Jumamosi'. Gazeti lingeandika 'usiku wa kuamkia Jumamosi'. Wote watatu wanataja dakika ileile. Na kama mwandishi angeandika 'saa 4' tu, msomaji wa Ulaya angedhani ni alasiri au alfajiri, kwa kuwa saa yetu huhesabiwa kuanzia macheo na machweo.

Haya si mapambo ya kitaaluma. Ni huko Solai ambako bwawa la Patel lilivunja kingo zake tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Sitaki msomaji aunganishe visivyoungana: bwawa lile halikubomolewa na tetemeko. Lakini mhandisi yeyote anayetaka kujenga au kukagua bwawa katika eneo hilo lazima ajue mambo mawili: mvua kubwa zaidi iliyowahi kunyesha kwa siku moja, na ufa wa ardhi ulipopita. Majibu ya maswali yote mawili yamo katika rekodi za kale. Zikisomwa vibaya, makosa hayo hujengwa kwa udongo na zege juu ya vichwa vya watu.

Dijitali nayo huoza

Baadhi yetu hudhani kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta kimeokoka. Mwaka 1986 shirika la BBC nchini Uingereza liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ambacho ni orodha ya mashamba na mali iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1086. Zaidi ya watu milioni moja walichangia picha na maelezo ya maisha yao, yakawekwa katika diski maalumu. Baada ya miaka 15 hivi, mashine za kusomea diski hizo zilikuwa zimebaki chache mno, na wataalamu walilazimika kufanya kazi kubwa ya kuziokoa. Kile kitabu cha ngozi cha 1086 kilikuwa bado kinasomeka!

Huhitaji kwenda Uingereza. Bila shaka umewahi kufungua ukurasa ukakuta neno 'ng'ombe' limeandikwa 'ngâ€™ombe'. Faili haikuharibika. Kilichopotea ni habari moja tu: herufi hizi ziliandikwa kwa mfumo gani. Sisi wanaisimu tuliyaona hayo mapema. Miaka ya 1990 tuliandika unukuzi wetu kwa fonti maalumu za fonetiki, na kila fonti ilikuwa na mpango wake. Msimbo ulioonyesha sauti ya ng' katika fonti moja ulionyesha alama nyingine kabisa katika fonti ya pili. Mfumo wa Unikodi, unaoipa kila herufi nambari moja duniani kote, ulizinduliwa mwaka 1991 lakini ulichukua miaka mingi kuenea. Zipo disketi za wakati huo ambazo ukibahatika kuzifungua leo utaona msururu wa alama za ajabu, na bila jina la fonti huwezi kujua mzungumzaji alitamka nini.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapohitaji kufikiriwa upya. 'Nyaraka' ni wingi wa 'waraka', neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni jani au karatasi. Tunaposema 'nyaraka za kidijitali' tumelibeba jani hadi mahali pasipo majani. Hakuna ubaya, lugha hufanya hivyo. 'Takwimu' si sawa na 'data': data ni vipimo vyenyewe vikiwa ghafi, takwimu ni kile unachopata baada ya kuvipanga na kuvikokotoa. Na yale maelezo yanayoandamana na data, ambayo wataalamu huyaita metadata, mimi napendekeza tuyaite 'wasifu wa data'. Mtu anayetafuta kazi huandika wasifu wake ili mwajiri amjue: ametoka wapi, amefanya nini, nani anamfahamu. Nambari nayo inahitaji wasifu. Nambari isiyo na wasifu ni mgeni asiyeweza kujieleza mlangoni.

Wasifu mzuri huzaa matunda baada ya miaka mingi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, ukiwemo ule wa wasichana ulioitwa 'Chemirocha'. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Kwa kuwa ziliandamana na maelezo ya mahali na waimbaji, mwaka 2014 iliwezekana kuzirudisha Kapkatet kwenyewe, na baadhi ya walioimba walipatikana wakiwa hai. Kanda isiyo na maelezo hayo ingerudishwa kwa nani?

Tufanye nini?

Kazi hii haihitaji mabilioni. Machi 2020, watu walipokuwa wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza kiliomba umma unakili kurasa za mvua zilizoandikwa kwa mkono. Takriban watu 16,000 walijitokeza, wakamaliza kurasa zaidi ya 65,000 kwa siku 16. Huko Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kulikuwa na majedwali yaliyoonyesha miti ilivyochanua na kupukutisha majani kati ya 1937 na 1958. Nayo yalinakiliwa na watu wa kujitolea kupitia intaneti. Katika miradi ya aina hii ukurasa mmoja husomwa na zaidi ya mtu mmoja, na wanapotofautiana hukaguliwa. Ni ile desturi ya waliohifadhi kusahihishana.

Sisi tunao vijana wenye simu na shule zenye kompyuta. Kaunti zina ofisi, mashamba makubwa yana stoo, parokia na vituo vya reli vina makabati. Kinachohitajika ni mwongozo. Ukikuta daftari la zamani la vipimo, usilitupe na usikimbilie kulipiga picha tu. Piga picha kila ukurasa, hata jalada na maandishi ya pembeni, kisha andika wasifu: ni nani aliyepima, alipima nini, wapi hasa, kuanzia lini hadi lini, kwa kipimo gani, na alama zake zina maana gani. Andika 'Rongai, Kaunti ya Nakuru', usiandike 'Rongai' tu. Taja tahajia zote za jina unazozijua. Tengeneza nakala tatu na uziweke mahali tofauti, mojawapo mikononi mwa taasisi ya umma kama vile Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa au Nyaraka za Kitaifa. Halafu kila baada ya miaka michache zifungue uone kama bado zinasomeka. Hiyo ndiyo durusu.

Kuna jambo moja la haraka zaidi kuliko karatasi. Wapo wazee waliokuwa makarani wa mashamba, wapimaji wa mvua na masimbamasta wa reli. Wao ndio wanaojua kwamba msalaba mwekundu ulimaanisha kipimo kimevunjika, au kwamba karani wa fulani alikuwa akiandika mvua ya Jumapili pamoja na ya Jumatatu. Daftari linaweza kusubiri miaka mingine kumi kabatini. Wao hawawezi. Walimu wa Kiswahili mnaotafuta mradi wa wanafunzi muhula huu, watumeni kwa wazee hao wakiwa na kalamu, na swali la kwanza liwe hili: 'Babu, alama hii mliitumia kumaanisha nini?'